Uzoefu wangu wa Maven: kusaka chanzo cha mradi unaogoma kujengeka

Nimetumia Apache Maven, chombo kinachokusanya maktaba na kujenga programu, katika miradi ya Java tangu enzi ya toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2010, na katika muda huo wote kuna sehemu moja ya kazi yangu ambayo haijapungua: kutafuta kwa nini mradi uliojengeka vizuri jana unagoma leo. Tathmini hii inahusu jambo hilo tu, yaani jinsi Maven inavyomsaidia au kumkwamisha mtu anayehangaika na makosa ya ujenzi na ya vitegemezi, yaani maktaba za nje ambazo mradi unazihitaji. Hukumu yangu naitoa mapema. Maven hujibu kwa ukweli na kwa ukamilifu kila inapoulizwa, lakini hunyamaza isipoulizwa, na saa nyingi nilizopoteza zilipotea kabla sijajua swali la kuuliza.

Tukio lililonionyesha hivyo lilianza na badiliko lililoonekana halina madhara yoyote. Mwenzangu katika timu alifungua faili la pom.xml, ambamo mradi huieleza Maven mahitaji yake, akakuta vitegemezi zaidi ya arobaini vimerundikwa bila utaratibu, akavipanga kwa mfuatano wa alfabeti. Hakuongeza kitu, hakuondoa kitu, wala hakugusa namba ya toleo hata moja. Mradi ulijengeka bila onyo, majaribio yakapita, tukaipeleka programu kwenye seva. Ombi la kwanza lililohitaji kusoma data ya JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) liliiangusha, na katika kumbukumbu za seva tukakuta NoClassDefFoundError, kosa la kukosekana kwa klasi (kipande cha msimbo), ikitaja klasi iitwayo StreamReadConstraints, ambayo ni sehemu ya jackson-core, kiini cha maktaba ya Jackson inayosoma JSON.

Tulijua kwamba tunatumia Jackson 2.15.2, na klasi hiyo iliingizwa katika toleo la 2.15, kwa hiyo haikutuingia akilini kwamba inaweza kukosekana. Tuliwasha seva upya, tukafuta folda ya target yenye matokeo ya ujenzi, tukajenga tena kuanzia mwanzo, na kila mara kosa likarudi vilevile. Nadhani hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu ujumbe wa kosa hutaja mahali lilipojitokeza, ilhali chanzo chake kiko mbali, katika uamuzi uliofanywa wakati wa kujenga na ambao hakuna aliyeushuhudia. Uamuzi huo tuliuona pale tu tulipoandika amri hii:

mvn dependency:tree -Dverbose

Amri hii huchora mti mzima wa vitegemezi: vile ulivyoviandika mwenyewe, vile vinavyoletwa na hivyo, na vinavyoletwa na hivyo vingine, hadi mwisho wa matawi. Kwa kuongezewa -Dverbose, inaonyesha pia matoleo yaliyoachwa na sababu ya kuachwa kwake. Chini ya jackson-databind, sehemu ya Jackson inayoitegemea jackson-core, tuliona mstari uliosema kwamba jackson-core 2.15.2 imeachwa kwa sababu ya kugongana na 2.9.8. Hiyo 2.9.8 ililetwa na maktaba yetu ya ndani ya kuandaa ripoti, maktaba ambayo jina lake linaanza kwa herufi a, na ambayo kabla ya siku hiyo ilikuwa karibu na mwisho wa faili.

Kanuni iliyofanya kazi hapo inapaswa kujulikana na kila anayetumia chombo hiki. Maktaba moja inapohitajika katika matoleo mawili, Maven haichagui toleo jipya zaidi, bali huchagua lile lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti. Ukiiandika maktaba wewe mwenyewe katika pom.xml, toleo lako linashinda, kwa kuwa hakuna lililo karibu kuliko hilo. Ikiwa matoleo mawili yako katika kina kilekile, linashinda lile linaloletwa na kitegemezi kilichotangulia kuandikwa. Kwetu, jackson-core ilikuwa katika hatua ya pili kutoka pande zote mbili, na kwa hiyo mpangilio wa mistari ndani ya faili ndio uliokuwa ukiamua kama programu itafanya kazi au la. Tulikuwa tumeishi na hali hiyo kwa muda mrefu bila kujua, na mwenzangu aliyepanga faili hakukosea lolote. Alifichua udhaifu uliokuwamo tayari.

Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haikuweza kutuonya kwa sababu msimbo wetu wenyewe haukuitaja klasi ile. Aliyeihitaji ni jackson-databind, ambayo hufika ikiwa imekwisha kutafsiriwa. Majaribio nayo yalipita kwa sababu hakuna hata moja lililogusa usomaji wa JSON, kasoro tuliyoirekebisha juma lilelile. Ninapoona sasa NoClassDefFoundError au NoSuchMethodError katika mradi uliojengeka bila tatizo, sianzi tena na msimbo. Naanza na mti, na mti ukiwa hautoshi, naendesha programu kwa java -verbose:class ili nione kila klasi imepakiwa kutoka faili gani la jar, yaani kifurushi cha maktaba. Kwa njia hiyo sihitaji kubahatisha.

Dawa ya kudumu ilikuwa ndogo. Jackson, kama familia nyingine kubwa za maktaba, hutoa faili maalumu liitwalo jackson-bom ambalo linataja matoleo yote yanayopatana. Tuliliingiza katika sehemu ya pom.xml inayopanga matoleo, dependencyManagement, kwa scope ya import (njia ya kuazima orodha ya faili jingine), na tangu hapo kila kipande cha Jackson, kiletwe na nani na kutoka kina kipi, hupewa toleo moja. Wapo wanaotumia exclusion kukata tawi baya moja baada ya jingine. Nimefanya hivyo pia na sipendekezi, isipokuwa pale ambapo maktaba inayoletwa haitakiwi kabisa, kwa sababu miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka kwa nini tawi lilikatwa, na kila kitegemezi kipya kinaweza kulirudisha.

Hapo ndipo ilipo lawama yangu kubwa kwa Maven. Mgongano wa matoleo ni habari nzito, nayo kwa kawaida yake huutatua kimyakimya na kuandika BUILD SUCCESS. Gradle, chombo kingine cha ujenzi, ambayo nimeitumia katika miradi kadhaa, kwa kawaida huchagua toleo la juu zaidi, na ingawa nayo haipigi kelele, angalau mpangilio wa mistari hauna nguvu ya kuiangusha programu. Katika npm, chombo cha vifurushi vya JavaScript, matoleo mawili ya kifurushi kimoja yanaweza kuishi pamoja ndani ya folda ya node_modules, jambo ambalo programu ya kawaida ya Java haiwezi, kwa kuwa klasi zote hutafutwa katika njia moja na ya kwanza kupatikana ndiyo inayotumika. Kwa sababu hiyo hasa, chombo cha Java kingepaswa kuwa mwepesi zaidi wa kuonya.

Onyo lipo, lakini ni lazima ulitafute. Programu-jalizi ya maven-enforcer-plugin ina kanuni iitwayo dependencyConvergence, ambayo huzuia ujenzi pale kitegemezi kimoja kinapofikiwa kwa njia mbili zenye matoleo tofauti, na nyingine iitwayo requireUpperBoundDeps, ambayo huzuia tu pale toleo lililochaguliwa linapokuwa la chini kuliko lile ambalo kitegemezi fulani kimeliomba. Nilianza na ya kwanza, na katika mradi wetu wa zamani ilitoa orodha ndefu kiasi kwamba timu ilitaka kuizima siku hiyohiyo. Walikuwa na haki, kwa maana sehemu kubwa ya tofauti zile ilikuwa ya matoleo yanayopatana. Ya pili ndiyo niliyoiacha ikifanya kazi: ingelikamata kosa la Jackson kabla ya kufika kwenye seva, na inaposema kitu huwa ina sababu. Kwa mradi mpya ningeziwasha zote mbili tangu siku ya kwanza, wakati mti bado ni mdogo.

Kuna makosa mengine ambayo asili yake ni mtandao, na hapa Maven ina tabia inayowachanganya sana wanaoanza. Ikishindwa kupata kitegemezi kwenye hazina ya mbali (seva ya maktaba), huandika ndani ya ~/.m2/repository, hifadhi yake kwenye kompyuta yako, kwamba imeshindwa, kwa faili lenye kiambishi cha .lastUpdated, kisha haijaribu tena mpaka muda wa kusasisha upite, ambao kwa kawaida ni siku moja. Unaweza kuwa umekwisha kurekebisha mtandao, nenosiri au anwani, lakini kosa linabaki lilelile. Ujumbe wenyewe husema wazi kwamba kushindwa huko kumehifadhiwa, ila ni mrefu na wengi wetu huishia kwenye maneno ya mwanzo. Kuongeza -U kwenye amri kunailazimisha ijaribu upya. Ikiwa faili la jar lilikatika katikati ya kupakuliwa, nafuta folda ya maktaba hiyo peke yake. Ushauri wa kufuta ~/.m2/repository yote nimeusikia mara nyingi, na huwa unafanikiwa, lakini unakulazimisha kupakua kila kitu upya na unafuta ushahidi wa kilichokuwa kimeharibika.

Vilevile, anayehamia toleo la 3.8.1 au la baadaye akiwa na mradi mkongwe anaweza kukutana na kosa linalotaja maven-default-http-blocker na anwani ya 0.0.0.0, akadhani mtandao wake umeharibika. Hakuna kilichoharibika. Tangu toleo hilo la mwaka 2021, Maven hukataa hazina za nje zinazotumia http tupu, kwa sababu faili linalosafiri bila ulinzi linaweza kubadilishwa njiani; hazina kuu ilikuwa imekwisha kuacha http tangu Januari 2020. Rekebisho sahihi ni kubadilisha anwani iwe https. Kuzima kizuizi ni kosa, hata kama kunaokoa dakika kumi.

Kuhusu toleo la Java lenyewe sitarefusha. UnsupportedClassVersionError, kosa la klasi iliyotengenezwa kwa Java mpya kuliko ile inayoiendesha, hutaja namba, na namba hizo zina maana: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Amri ya mvn -version huonyesha ni Java ipi Maven inayoitumia, ambayo mara nyingi si ile unayoiona ukiandika java -version, kwa kuwa Maven hufuata JAVA_HOME, mpangilio wa mfumo unaotaja folda ya Java. Nimeshuhudia watu makini wakipoteza nusu siku kwa tofauti hiyo.

Siku ambayo chombo hiki kilinilipa uvumilivu wangu wote ilikuwa Desemba 2021, ulipotangazwa udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, uliopewa namba CVE-2021-44228. Tulitakiwa kujua haraka ni miradi ipi kati ya yote tuliyoitunza ilikuwa na log4j-core, hata kama hatukuiandika sisi. Niliendesha mvn dependency:tree -Dincludes=org.apache.logging.log4j:log4j-core katika kila mradi, na kila jibu lilikuja na njia nzima ya jinsi maktaba hiyo ilivyoingia. Miwili kati ya miradi ambayo kila mtu aliapa kwamba haina Log4j ilikuwa nayo, ikiwa imeletwa kutoka hatua ya tatu. Kwa kuwa toleo la marekebisho lilibadilika ndani ya majuma machache, kutoka 2.15.0 hadi 2.17.1, tulikuwa tunabadilisha namba moja katika dependencyManagement na kuukagua mti tena. Sijui ningeifanyaje kazi hiyo kwa mkono.

Kwa hiyo ningempendekezea nani? Timu yenye miradi ya Java inayotarajiwa kuishi muda mrefu itafaidika, mradi iko tayari kuwasha enforcer na kumfundisha kila mgeni kusoma mti kabla ya kumpa kazi ya kuongeza kitegemezi. Anayetaka chombo kinachofunga matoleo yote katika faili moja bila kuombwa hatakipata hapa, na XML ya pom.xml itamchosha kwa urefu wake, ingawa mimi nimeuzoea na hata kuuthamini, kwa kuwa mvn help:effective-pom hunionyesha kila kilichorithiwa mpaka mstari wa mwisho.

Faili letu la pom.xml limebaki katika mfuatano wa alfabeti. Mwaka jana tulilivuruga makusudi, tukaigeuza orodha nzima juu chini, tukajenga na kuulinganisha mti mpya na wa zamani. Hakuna namba ya toleo hata moja iliyobadilika.