Nilipeleka Nukta Tano, Nikarudishiwa Moja

Nilikusudia kuandika habari hizi kwa utulivu, lakini kila ninapoikumbuka sentensi moja niliyoambiwa na kijana wa duka la kuchoma DVD na kuingiza video kwenye flashi, hapa Moshi mjini, si mbali na stendi kuu, utulivu wenyewe unanitoka. Jina la duka silitaji.

Mwishoni mwa mwaka, katika zile siku ambazo kila basi linalotoka Dar es Salaam hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani, nilimrekodi mama yangu kule Kibosho akituonyesha namna ya kutengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mama mwenye miaka themanini na kitu, ameketi kwenye kigoda, anapitisha kiganja juu ya ulezi ulioota, huku akieleza kwa nini magome ya mti wa msesewe hayatiwi kwa kukisia. Kamera yangu ndogo hurekodi kwa HD kamili, yaani picha yenye nukta, vile vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na hata kwenye kioo chake kilicho sawa na kiberiti niliweza kuona punje moja moja na kile kimzizi cheupe kinachochungulia kwenye kila punje. Hicho kimzizi ndicho nilichotaka wajukuu wakione kwenye runinga ya sebuleni, kwa sababu ndicho mama anachokitazama anapoamua kwamba kimea sasa kianikwe.

Mpwa wangu aliviunganisha vipande vyote kuwa faili moja la gigabaiti tano na ushei, kisha akasafiri. Flashi yangu ina nafasi ya gigabaiti 32 na haikuwa na kitu, lakini kila nilipojaribu kulinakili faili hilo kompyuta ilikataa, ikidai kwamba faili ni kubwa mno. Ndipo nilipoteremka mjini. Kijana nilimkuta na visikilizio masikioni, hakuniamkia, akapokea kompyuta na flashi bila kuinua macho, akasema ni shilingi elfu kumi na kwamba nirudi jioni. Jioni nikarudi, nikalipa, nikashukuru kama mjinga.

Tulipowasha runinga, punje za ulezi zilikuwa zimeshakuwa uji hata kabla mama hajazisaga. Maua ya kitenge chake yalikuwa madoa, mikunjo ya vidole vyake imefutika, na kila alipogeuza mkono, vijisanduku vidogo vidogo vilitawanyika nyuma yake. Kesho yake nilirudi dukani kueleza kwamba picha ina ukungu. Kijana akatazama jina la faili, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliandikia herufi HD, akasema mbele ya wateja watatu: “Mama, HD ndiyo hiyo. Labda macho tu, umri nao.” Wateja wakacheka. Akaongeza kwamba kama bado sijaridhika, anaweza kunichomea DVD niichezeshe kwenye deki kwa ule waya wa njano, mwekundu na mweupe, kana kwamba huo wa njano umewahi kupitisha picha ya HD tangu ubuniwe.

Ni kweli navaa miwani. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na yamenigharimu macho. Lakini rimoti yangu ina kitufe kinachoonyesha taarifa za video inayocheza, na nilipokibonyeza usiku ule, pembeni mwa kioo palitokea tarakimu ambazo hata asiye na miwani angezisoma: 720 kwa 576. Hicho ni kipimo cha picha ya DVD, na hapo hasira ikanipeleka kwenye kikokotoo. Picha niliyopeleka dukani ilikuwa na nukta 2,073,600. Niliyorudishiwa ilikuwa na nukta 414,720. Gawanya mwenyewe: ni tano kwa moja kamili, wala hakuna masalia.

Sababu yenyewe ni ndogo kiasi cha kuudhi. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti nne, hata kama nafasi iliyobaki ni mara kumi ya hiyo. Kijana alipoona faili halipiti, hakuniuliza lolote. Alilikamua mpaka likaingia, kisha akalibandika jina la HD. Angeweza kuifomati upya flashi ambayo haikuwa na kitu cha kupotea, kazi isiyozidi dakika moja, akalinakili faili lilivyo. Au angelikata vipande viwili. Au angeniambia tu, “Mama, haliingii,” nami ningejua la kufanya.

Mpwa alinielekeza kwa simu. Tuliifomati kwanza kwa exFAT, mfumo mwingine unaopokea mafaili makubwa, runinga yangu ikajifanya haijaona kitu. Tukajaribu mfumo wa tatu, NTFS, ikaisoma papo hapo. Picha ikaja safi, ingawa, lazima nikiri, haikuwa safi kama nilivyotarajia, na hapo nikaanza kuona kwamba lawama zote haziwezi kumwangukia kijana. Runinga yenyewe ilikuwa ikiikuza picha kidogo na kuzimega kingo zake, kwa hiyo hakuna nukta iliyokaa mahali pake, mpaka nilipochagua kwenye menyu ukubwa usiopanua picha. Tena kipimo cha ukali wa picha kilikuwa kimepandishwa karibu na mwisho tangu nilipoinunua. Nilidhani hivyo ndivyo picha inavyokuwa kali, kumbe kipimo hicho huchora tu mistari myeupe kandokando ya kila kitu. Nilipokiteremsha karibu na sifuri, ngozi ya mama ikarudi kuwa ngozi. (Ndugu wanaoniomba niwatumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, nawasihi wasubiri flashi, kwa sababu huko nako hukamuliwa.)

Nikiri na la pili. Sehemu ya jikoni, ambako ndizi zinachemka na moshi umetanda, ina ukungu hata kwenye faili halisi. Mwanga ulikuwa hafifu na mkono wangu ulitetemeka. Kama kijana angesema, “Mama, hapa kamera yako haikupata mwanga,” angekuwa sahihi nami ningemheshimu. Hakusema hivyo. Alisema macho.

Mama alipoteremka kutoka Kibosho kuja kliniki, nilimkalisha mbele ya runinga. Alitazama kimya mpaka ilipofika sehemu ya ulezi, akainama mbele, akanyoosha kidole hadi karibu na kioo. “Huu mliuanika mapema,” alisema. “Mizizi ilikuwa haijafika.” Aliyeharakisha ni mimi, kwa sababu nilitaka kurekodi wakati jua lingali zuri, nami niliapa kwamba hatagundua. Kwenye faili la dukani asingegundua.

Kwa furaha hiyo nilikuwa tayari kulitunuku duka lile nyota mbili kati ya tano: moja ya bei, moja kwa kuwa kompyuta yangu ilirudi salama. Nilipita tena si kwa ugomvi bali kwa kuwaonyesha kosa, na nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mtu mzima mwenye adabu, ambaye aliniamkia vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, akaandika neno NTFS kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani, kisha akanirudishia noti ya elfu kumi kwa mikono miwili huku akisema, “Samahani sana, mwalimu.” Nilianza kufikiria nyota tatu. Nne, pengine, maana ni wangapi wanaorudisha fedha mjini hapa?

Nikiwa bado naifunga pochi, nilisikia sauti ya yule kijana nyuma ya pazia akimwuliza mwenzake, “Si ndiye yule bibi wa ulezi?” Na kicheko kilekile.

Nyota moja, na hiyo ni ya mwenye duka.