Shelaki ya magamba chini ya vanishi: uzoefu wangu katika karakana ya Goma

Kwa muda mrefu sasa ninatumia shelaki ya magamba, ile iliyoondolewa nta, kama mkono wa kwanza (yaani tabaka la kwanza la kupaka) kabla ya vanishi kwenye samani ninazotengeneza hapa Goma. Ninaandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, kwa sababu sehemu kubwa ya meza na makabati yanayoletwa kwangu kurekebishwa yasingeharibika kama bidhaa hii ingetangulia chini. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa huko India na Thailand. Husafishwa na kukaushwa mpaka inakuwa vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu au kahawia, nasi tunaviyeyusha kwa alkoli wakati wa kazi. Yangu huletwa na mfanyabiashara anayesafiri kwenda Kampala. Gramu 250 hunigharimu zaidi ya kopo la lita moja la vanishi ya kawaida, lakini kwa mkono mwembamba wa kwanza, gramu hizo hutoa takriban lita mbili, na lita mbili zinafunika samani nyingi.

Sababu kubwa ya kuipenda ni muvula, yaani mvule. Kila seremala wa Kivu anaujua ubao huu: mgumu, mzuri, haushambuliwi kirahisi na mchwa, na wateja wanauomba kwa jina. Tatizo ni kwamba ndani yake mna kemikali za asili zinazozuia mafuta yasishikane na hewa. Vanishi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili: kwanza tina, yaani kimiminika cha kuilainisha, inaondoka, kisha mafuta yanachukua oksijeni na kugeuka kuwa gamba gumu. Muvula huikwamisha hatua ya pili, na usiku wa baridi na unyevu wa mji huu, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, unaongeza ucheleweshaji. Matokeo yake ni meza inayonata kwa majuma, karatasi za watoto zikibandika juu yake, huku mteja akiamini kwamba ameuziwa vanishi bandia. Libuyu, ubao mwingine tunaoutumia, sijaiona ikifanya hivyo.

Meza ya namna hiyo ikiletwa kwangu, siongezi mkono mwingine juu ya ule unaonata, maana vanishi mpya itakauka juu na kuacha ulaini chini, halafu itapasuka. Ninaukwangua uso wote kwa chuma cha kukwangulia, ninapangusa ubao kwa kitambaa safi chenye tina na kukigeuza mara kwa mara mpaka kisichukue rangi tena, ninasubiri tina ikauke, kisha ninapaka shelaki nyembamba mikono miwili. Juu ya shelaki hiyo vanishi ya mafuta hukauka kama inavyopaswa, kwa sababu haigusani tena na ubao wenyewe. Hili nimelihakikisha kwenye milango, vitanda na meza za kulia, na kwangu linatosha kuhalalisha bei ya bidhaa.

Sababu ya pili ni vumbi letu. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ipite katikati ya mji Januari 2002, barabara nyingi na viwanja vimejengwa juu ya mawe meusi yanayosagika, na kati ya Juni na Agosti vumbi lake linaingia kila mahali. Vanishi ya mafuta inakaa mbichi kwa saa nyingi ikilipokea vumbi hilo, na ukipitisha kiganja juu yake kesho yake unahisi punje. Shelaki inakauka kiasi cha kuguswa ndani ya dakika chache, kwa hiyo vumbi halipati nafasi. Mkono wa juu wa vanishi bado unahitaji ulinzi, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuzifunga pazia, kumwagia sakafu maji kabla ya kuanza, na kufanya kazi asubuhi kabla magari na chukudu (vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo) havijaamsha barabara. Punje chache zikinasa, ziache zikauke kabisa, upitishe msasa namba 400 wenye maji kidogo, kisha upake mkono mwembamba wa mwisho. Vivyo hivyo kwa matone yaliyotiririka: anayeyafuta kwa brashi vanishi ikiwa imeanza kushika anaongeza kidonda, ilhali tone lililokauka hukatwa vizuri kwa wembe ulioshikwa wima.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia nilipoinunua, nayo ni kwamba mkono wa kwanza wa shelaki unafichua kasoro za maandalizi wakati bado zinatibika. Gundi iliyobaki karibu na maungio inaonekana kama baka lililopauka; mikwaruzo ya msasa iliyokwenda kinyume cha nyuzi inajitokeza yote. Fundi aliyeruka kutoka msasa namba 80 hadi 220 atauona ukweli hapo hapo, kwa kuwa msasa laini hauwezi kufuta mifereji ya ule mkali bila kupitia 120 na 180. Kwa kuwa shelaki inakauka upesi, unasugua mahali palipoharibika, unapaka tena, na siku haijapotea. Pia inasawazisha ufyonzaji wa rangi ya mbao: ncha za ubao zilizokatwa hunywa rangi nyingi na kuwa nyeusi kuliko uso, lakini zikitanguliwa na shelaki nyembamba sana zinakunywa kwa kiasi.

Sasa nieleze namna ya kuichanganya, maana hapa ndipo wengi wanaipa lawama isiyo yake. Mimi hutumia gramu 120 kwa lita moja ya alkoli, ninaacha usiku kucha kwenye chupa ya kioo nikiitikisa kila nikumbukapo, kisha ninachuja kwa kitambaa chembamba. Alkoli iwe kali. Ile ya kusafishia mikono yenye asilimia 70 haifai hata kidogo, kwani sehemu yake kubwa iliyobaki ni maji, na maji huigeuza shelaki kuwa na ukungu mweupe. Alkoli ya asilimia 90 ya famasi inaweza kufanya kazi siku kavu, ila ya asilimia 95 au zaidi ni salama zaidi. Mvua ikinyesha, ni bora kuahirisha kazi. Ukungu ukitokea hata hivyo, kitambaa chenye alkoli kidogo kikipitishwa haraka juu yake huwa kinauondoa, na huu ni uzuri ambao vanishi ya mafuta haina: shelaki ya zamani huyeyuka na kuungana na mpya.

Kama mkono wa mwisho kwenye meza ya kulia, siipendekezi. Sufuria ya fufu ikitoka motoni na kuwekwa juu yake, inaacha alama. Pombe kali ikimwagika inaiyeyusha. Na sabuni kali au maji ya javeli yanaishambulia. Mama mmoja aliniletea kabati la vyombo lililopakwa shelaki tupu na fundi mwingine, na sehemu zote zilizopanguswa kila siku zilikuwa zimebaki ubao mtupu. Kwenye fremu za picha, masanduku, ala za muziki au ndani ya droo inakaa vizuri peke yake. Jikoni na mezani, ifunikeni kwa vanishi ngumu ya poliyurethani, na ndiyo maana ninasisitiza iwe imeondolewa nta, kwani nta ikiwapo poliyurethani haishiki na baada ya muda inabanduka.

Jambo la usalama lisiachwe, hasa katika mitaa yetu ya nyumba za mbao zilizobanana. Alkoli inashika moto kwa urahisi, hivyo jiko la makala lisiwe karibu na chupa wala na ubao uliopakwa sasa hivi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta ni hatari kwa namna nyingine: vikirundikwa pembeni vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka bila mtu kuvigusa. Vitandazeni nje kimoja kimoja hadi vikauke na kukakamaa.

Nitaendelea kuinunua. Ninachowaomba wanaoileta ni kuandika tarehe kwenye mifuko, kwa sababu magamba yaliyozeeka hayayeyuki sawasawa, na shelaki iliyokwisha kuchanganywa hupoteza nguvu baada ya miezi michache. Kabla ya kuipaka kwenye kazi ya mteja mimi hudondosha tone moja kwenye kioo jioni. Likiwa bado linanata asubuhi, chupa nzima ninaimwaga.