Dirisha maalum ofisini au afisa ashuke mtaani? Maoni yangu toka Kigoma

Jamani tuongee hii mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba na ipo kwenye sheria tangu 2018. Sasa iwafikie vipi watu wote?

Njia ya kwanza, dirisha maalum ofisini. Uzuri wake foleni fupi na ukikosea fomu unarekebisha palepale. Ila mfikirie dada yangu anayetembelea magongo, katoka Kibirizi kwa bajaji, anafika anakuta ngazi, dirisha lake eti liko juu!! Nilimshika mkono tukapanda moja moja, tunafika jasho linamtiririka na hapo fomu bado.

Njia ya pili, afisa maendeleo ya jamii ashuke mwenyewe akae na akina mama mwaloni wakianika dagaa, aeleze kwa Kiswahili na panapogoma atie Kiha, maana kuna mabibi wakisikia neno "marejesho" wanatikisa kichwa tu halafu wakiondoka ndo wanaanza kuulizana. Nilishaona kikao cha hivyo, bibi mmoja aliuliza maswali mpaka afisa akageuza ndoo akaikalia. Ofisini yule bibi asingefungua mdomo kabisa. Shida ni usafiri tu, mara mafuta hamna, wiki zinapita.

Mi nipo na ya pili, dirisha libaki la kusaini, na kabla ya yote lishushwe chini.