Vijiko sita vya chai vya fedha, London 1802: nyota tatu kati ya tano

Nilivinunua kwenye mnada wa mtandaoni. Tangazo lilisema gramu 90. Mizani ya jikoni inasema 84. Viwili vimelika ncha upande wa kushoto, kama ilivyo kawaida ya vijiko vilivyokoroga na kukwangua vikombe miaka na miaka mikononi mwa watu wa mkono wa kulia. Kichwa cha kijiko kizima kina umbo la yai. Hivi vimepinda kama kucha iliyokatwa vibaya. Muuzaji hakupiga picha ya upande huo, kwa hiyo dai picha ya ncha kabla ya kutia dau.

Chapa ndizo zilizonifurahisha. Kwa lenzi ya sonara zinasomeka zote nne nyuma ya mpini: simba anayetembea (fedha 925 kwa 1000), herufi G ya mwaka 1802, kichwa cha Mfalme George III kuonyesha ushuru umelipwa, na PB, AB, WB, yaani mafundi fedha Peter, Ann na William Bateman, waliotumia alama hiyo kuanzia 1800 hadi 1805. Herufi ya mwaka na miaka ya fundi zisipooana, achana na mzigo. Kichwa cha chui, chapa ya mji wa London, hakipo, ila hilo lisikutishe: kwenye vijiko vidogo vya London vya enzi hizo mara nyingi hakikupigwa. Ukikuta EPNS, hiyo si fedha, ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha juu.

Kimoja kimefutwa herufi za jina la mwenyewe zilizochongwa mpinini. Huoni kitu kwa macho, lakini ukipitisha mpini kati ya kidole gumba na cha shahada unausikia umekuwa mwembamba ghafla.

Kilichoniudhi ni ufungaji. Vilikuja vimebanwa kwa rababendi, na mpira una salfa inayoichoma fedha, hivyo kila mpini ulikuwa na mstari mweusi. Nilitandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, nikamwaga lita 1 ya maji ya moto, kijiko kikubwa cha soda ya kuokea (si hamira) na chumvi kidogo, dakika tatu. Lazima kijiko kiguse alumini, la sivyo hakuna kinachotokea. Ukisikia harufu ya mayai viza, inafanya kazi. Suuza mara moja, maana chumvi ikikaukia inatoboa fedha vishimo. Brasso usiiguse, ni ya kung'arishia shaba na inakwangua chapa.

Mistari mitano imetoka. Wa sita umekula hadi ndani.