Msimu wa kwanza wa The Amazing Race: uzoefu wangu nikiwa Lubumbashi

Ukipata nafasi ya kutazama msimu mmoja tu wa The Amazing Race, mashindano ya runinga ya kuzunguka dunia, chagua wa kwanza, ule ulioanza kuonyeshwa Marekani na kituo cha CBS tarehe 5 Septemba 2001. Misimu iliyofuata ina picha safi zaidi na michezo mikubwa zaidi, lakini huu wa kwanza ndio ulionishika. Mimi kazi yangu ni kuvuka. Natoka Lubumbashi na mulamu wangu, mke wa kaka yangu, tunapita Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, tunakwenda kuchukua mali Kitwe na Ndola upande wa Zambia, tunarudi. Kwa hiyo nikikaa mbele ya runinga kutazama watu wawili wenye mikoba mgongoni wakihangaika na safari, natazama kazi ninayoijua. Na nasema bila kusita: kipindi hiki kinasema kweli juu ya jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Wawili wakisafiri, hawacheleweshwi na miguu mizito. Wanacheleweshwa na kutopatana nani anaamua nini.

Kwa wasiokijua: timu 11 za watu wawili wawili zinaanzia Central Park, New York, zinazunguka dunia kwa hatua 13, na ya kwanza kufika mwisho inachukua dola milioni 1. Kila mtu ana pasipoti na mkoba wake; simu hakuna. Wanapewa bahasha yenye maelekezo na pesa kidogo ya njiani. Katikati kuna kazi za kufanya: mara wachague moja kati ya mbili, mara mmoja aifanye peke yake na mwenzake atazame tu. Mwisho wa hatua amesimama mwendeshaji wa kipindi, Phil Keoghan, mzaliwa wa Nyuzilandi, na timu ya mwisho anaiambia irudi nyumbani, ingawa zipo hatua ambazo hatolewi mtu. Kuna pia njia ya mkato inayoiruhusu timu kuruka kazi zilizobaki za hatua hiyo, lakini kila timu inaweza kuitumia mara moja tu katika mashindano yote. Ukiitumia mapema umejivua silaha. Ukiibana sana unaweza kutolewa nayo ingali mfukoni.

Diski zilitoka Kitwe, kwa ndugu yetu anayekaa kule. Kipindi ni cha Kiingereza, na nyumbani kwetu Kiingereza anacho mdogo wangu wa mwisho peke yake, aliyesoma Zambia. Sisi wengine ni Kiswahili na Kifaransa. Basi akawa anasimamisha picha, anaeleza, anaendelea. Nakishauri kitazamwe hivyo hivyo, na watu wengi sebuleni, maana kila aliposimamisha mabishano yalianza: hawa wangengoja basi la pili au wangepanda teksi? Huyu mama angeuliza tena au angenyamaza? Umeme ulikatika timu zikiwa Tunisia na mabishano yakaendelea gizani.

Hatua ya kwanza ina uzito wake kwetu watu wa Katanga. Kutoka New York timu zinaruka hadi Johannesburg, halafu Livingstone, Zambia, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Zambia! Nchi tunakokwenda kununua unga wa mahindi ndiyo iliyofungua mashindano ya Wamarekani. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hata hivyo Livingstone si jirani yetu kama watu wanavyodhani. Ukitoka Kasumbalesa ni Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, na bado hujafika. Mbele kuna Mazabuka na Choma. Wengi wetu tunaojisifu kuijua Zambia tunaishia Lusaka. Pale Livingstone timu zinafikishwa kwenye bonde la Batoka, ambamo mto Zambezi unapita chini kabisa kati ya kuta za mawe, nazo zichague: kuvuka kwa kamba angani au kwenda kwa miguu. Mimi sikuwa natazama kamba. Nilikuwa natazama yule wa pili, anayengoja. Kuna anayemwambia mwenzake maneno mawili ya kumtia moyo kisha ananyamaza, na kuna anayeendelea kumsukuma kwa maneno wakati mwenzake ameshaogopa. Mulamu wangu akaonyesha kidole timu moja: “Yaya, bale batagombana mbele ya kufika,” yaani dada, wale watagombana kabla ya kufika. Kabla hatua haijaisha walikuwa wamegombana.

Lakini hapo hapo ndipo ninapokilaumu kipindi. Mpaka uko wapi? Timu zinapita nchi baada ya nchi, na mpaka tunauona kama pasipoti inayoonyeshwa haraka, basi. Kwangu mimi mpaka ndio safari yenyewe. Kasumbalesa unakuta malori ya shaba yamejipanga yakingoja kushuka kusini, unatafuta karatasi ya lesepase, kibali cha kuvukia, unatafuta kadi ya manjano ya chanjo, unabadilisha faranga kuwa kwacha huku ukihesabu mara mbili, na mwenzako amebaki amekalia mizigo kwa sababu mkiondoka wote wawili hamtaikuta. Ofisa mmoja anaweza kuamua kama utalala nyumbani au barabarani. Hapo ndipo utajua kama mwenzako ni mwenzako. Natambua kwamba washindani wana pasipoti ya Marekani na kwamba kuna watu wamewatangulia kuwaandalia njia, lakini kipindi kinachodai kushindanisha watu katika kusafiri kingenipa hata dakika chache za foleni hiyo. Mtazamaji wa Lubumbashi anaona pengo hilo mara moja.

Kinachofidia ni viwanja vya ndege, na kwa upande huo msimu huu haujapata mpinzani. Timu zinajitafutia ndege zenyewe. Zinafika kwenye kaunta bila kujua kama kuna nafasi, zinauliza njia ya kupitia mji mwingine, zinakimbilia kaunta ya pili, na saa zinapotea au zinapatikana pale pale mbele ya karani aliyechoka. Angalia vizuri jinsi timu nzuri zinavyosimama. Mmoja anazungumza na karani, sauti chini, haondoi macho kwake. Wa pili hasemi neno. Anasoma ubao wa safari, anatazama timu gani imeingia mlangoni, anashika pasipoti zote mbili mkononi ziwe tayari. Timu mbovu wote wawili wanazungumza kwa pamoja, karani anamjibu huyu, yule anauliza swali lingine, na foleni nyuma yao inasonga kwenye dirisha jingine. Nimeyaona haya kwa madalali wa mabasi Kitwe na Ndola kila tunapokwenda. Mulamu na mimi tumegawana siku nyingi: yeye bei na maneno, mimi pesa na mizigo. Hatuingiliani.

Tena kuna jambo la wakati. Msimu ulirekodiwa mapema mwaka 2001, na ulianza kuonyeshwa siku 6 kabla ya mashambulizi ya Septemba 11. Viwanja vya ndege unavyoviona humo ni vya dunia ya kabla ya siku ile. Haraka ile ya kuruka kutoka kaunta hadi ndani ya ndege huwezi kuipata tena. Kwa kulinganisha, msimu wa 33 ulisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya Covid, ukaendelea mwaka 2021, na timu zikawa zinasafirishwa pamoja kwa ndege ya kukodi. Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Afya za watu kwanza. Ila mashindano yalipoteza uti wa mgongo, kwa sababu wote mkipanda ndege moja na kushuka pamoja, ile akili ya kutafuta njia haina kazi tena.

Sasa watu wenyewe. Waliotugawa nyumbani ni Frank na Margarita, mume na mke waliokuwa wametengana na wana mtoto wa kike. Hatua za mwanzo Frank ni mgumu. Anaongoza, anaamua, na Margarita anafuata huku uso wake unaonyesha kwamba ana wazo lake. Kaka yangu alimtetea Frank tangu mwanzo, eti lazima mmoja awe kichwa. Sisi wanawake tulikataa. Kadiri hatua zinavyosonga, unamwona Frank anaanza kuuliza kabla ya kuamua, na Margarita anaanza kujibu. Hakuna hotuba, hakuna mtu wa kuwasuluhisha. Uchovu na njaa na ulazima wa kufika ndivyo vilivyowasuluhisha. Nimeona familia zikikaa vikao na wazee mara nyingi bila kupata nusu ya kile. Wanamaliza wa pili, na ndani ya nyumba yetu kuna waliolia.

Walioshinda ni Rob na Brennan, marafiki wawili wanasheria. Watu wengine watawaona baridi. Mimi nawaheshimu. Mambo yakienda vibaya hawatafutani makosa. Wanauliza basi linalofuata linaondoka saa ngapi. Ni jambo dogo kulisema, ni kubwa kulifanya ukiwa hujalala. Joe na Bill, waliomaliza wa tatu, walikuwa wajanja wa safari na wenzao hawakuwapenda hata kidogo. Ulipofika mwisho, wakati timu mbili za mbele zinakimbizana New York kuelekea bustani ya Flushing Meadows, wao walikuwa wameachwa mbali, wangali Alaska. Mdogo wangu alifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu walisafiri vizuri na ukali wao haukuwa wizi.

India nitaigusa kwa sababu ilinisumbua. Timu zinapelekwa hekalu la Karni Mata, Deshnok, katika Rajasthan, ambamo panya kwa maelfu wanatembea huru na kulishwa, na kila anayeingia anavua viatu. Waumini wa pale wanaamini panya hao ni watu wa ukoo wa Karni Mata waliozaliwa upya. Kamera inapenda sana nyuso za washindani wakikunja pua. Ni mahali pa sala pa watu. Ningependa mtu mmoja wa hekalu apewe nafasi ya kusema anachokiamini, hata kwa ufupi, ndipo washindani waingie. Tatizo hili liko katika msimu wote: majina yanayoandikwa kwenye skrini ni ya washindani. Dereva aliyewaokoa, mwanamke aliyewaonyesha njia Tunis, hao wanapita tu. Bila wao hakuna timu ingefika popote.

Kwa upande huo Pékin Express, mashindano ya safari ya M6, kituo cha runinga cha Ufaransa, ambayo wengi hapa wanaijua kwa sababu ya Kifaransa na mwendeshaji wake Stéphane Rotenberg, inawazidi. Kule kila mshindani anaishi kwa euro 1 kwa siku, wanaomba lifti, wanaomba mahali pa kulala, na kwa hiyo tunaingia ndani ya nyumba za watu, tunaona sufuria na watoto na mikeka. Ila nami nina neno na Pékin Express. Kwetu mgeni anakuja na kitu mkononi, hata sukari. Kumwona mtu wa nchi tajiri anabisha hodi usiku kwa maskini mikono mitupu, kwa ajili ya mchezo wa zawadi, kunanikaa vibaya kooni kila mara. Katika The Amazing Race angalau teksi inalipwa.

Kipindi kilibuniwa na Elise Doganieri na Bertram van Munster, na Doganieri amekuwa akieleza kwamba wazo lilitokana na safari aliyofanya Ulaya na rafiki yake, wakagombana njiani. Nakubali mara moja. Mtu asiyewahi kugombana safarini asingeweza kulibuni. Tuzo ya Emmy, ile ya runinga ya Marekani, ya mashindano ya aina hii ilipoanzishwa mwaka 2003, kipindi hiki kiliichukua, kikaichukua kila mwaka hadi 2009. Ni haki yao.

Ukitaka kukitazama na watoto, hakuna cha kuwaficha, ila watasumbuka na lugha kama hakuna wa kuwatafsiria. Picha ni za zamani, usizitegemee kwenye skrini kubwa. Asiye na muda wa hatua zote 13 atazame ya Zambia, kisha za India, kisha mbili za mwisho. Na kama una mtu mnayepanga kwenda naye Lusaka au Dar es Salaam kufuata mali, mtazame pamoja kabla hamjatoa pesa ya tiketi.