CNSS kwa anayeanza kazi Lubumbashi: unakatwa nini, unapata nini

Wazee wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, kampuni kubwa za migodi za Katanga, walisema kazi ndjo baba, kazi ndjo mama. Nyumba, unga, shule na hospitali vyote vilitoka kwa kampuni. Anayeingia leo kwenye sutretansi ya migodi, yaani kampuni ndogo zinazofanyia kazi zile kubwa, anapewa kontra (mkataba) ya kurasa chache, na sehemu ya ubaba huo iko mikononi mwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kongo (RDC), ulioitwa INSS hadi 2018. Ndiyo huduma tunayoipima hapa, maana mfanyakazi anaichangia kila mwezi na mara nyingi haulizi chochote.

Tuanze na bei. Wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anatoa 13: 5 za pansioni, 6.5 za familia, 1.5 za ajali na magonjwa ya kazi. Kwa mshahara wa faranga 1,000,000, wewe unatoa 50,000 na yeye 130,000. Hizo 130,000 zinatoka kwake, juu ya mshahara wako. Fishi ya mshahara, karatasi inayoonyesha malipo na makato yako, ikikukata zaidi ya asilimia 5 kwa jina la CNSS, unalipishwa deni la mwajiri.

Kwa bei hiyo, upande wa ajali ndio tunaousifu zaidi. Hukatwi hata faranga moja kwa ajili yake, na unakulinda hata njiani kati ya nyumbani na kazini, jambo zito kwa anayepanda basi la kampuni alfajiri kwenye barabara ya Likasi. Upande wa familia una posho za watoto, za ujauzito na za uzazi. Pansioni inahesabiwa kwa miezi iliyoandikwa na mshahara uliotangazwa, na namba yako ya CNSS inakufuata ukibadilisha kampuni. Hupewi mpya.

Mapungufu yapo. Malaria ya mtoto wako haiko humo: matibabu ya kawaida ya mfanyakazi na familia yake ni mzigo wa mwajiri, kwa Kodi ya Kazi (Code du travail, sheria ya kazi) ya 2002. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza majina ya hospitali alizofunga nazo mkataba, na kama bon, karatasi ya kukuruhusu kutibiwa, inatolewa hata usiku na Jumapili. Ukifukuzwa kazi, CNSS haikupi kitu cha kukusogeza hadi kazi nyingine.

Lakini shida kubwa imejificha kwenye fishi yenyewe. Tazama mtu aliyeahidiwa 1,500,000 kwa mwezi. Fishi inaonyesha mshahara wa msingi 600,000, nyumba 500,000, usafiri 400,000. Mkononi anaona pesa aliyoahidiwa, isipokuwa makato, na anafurahi kwamba CNSS imemkata 30,000 tu. Sheria haihesabu nyumba na usafiri kama mshahara, kwa hiyo michango inapigwa juu ya zile 600,000 peke yake. Pansioni itafuata hizo 600,000. Malipo ya konje (likizo) nayo yanafuata mshahara, na akiugua, theluthi mbili za mshahara anazostahili zinahesabiwa hapo hapo. Waajiri wanapenda mpango huu kwa sababu unapunguza 13 zao. Siku ya kujadiliana usiulize tu jumla; uliza msingi ni ngapi, na uombe uandikwe kwenye kontra.

Kosa la pili ni «ngoja essai (muda wa majaribio) iishe ndipo tukutangaze». Hapana. Unahesabiwa tangu siku ya kwanza, essai ikiwa ndani. Essai yenyewe haizidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine, tena lazima iandikwe.

Karatasi ndizo zinazokwamisha watu wengi. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa etasivili, ofisi ya serikali ya ndoa na vizazi, haimwingizi mke kwenye faili. Mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita utahitaji hukumu ya mahakama, na hiyo inakula muda na pesa. Halafu majina: Mwamba kwenye kadi ya uchaguzi, Muamba kwenye kontra, postinomu (jina la pili la Kikongo) imewekwa mbele. Kosa kama hilo linaweza kuzuia miezi yako isionekane kwa jina lako, na kulirekebisha sasa ni rahisi kuliko ukiwa na miaka 60. Mwezi wa tatu wa kazi nenda mwenyewe ofisi ya CNSS na kadi, kontra na fishi mbili za kwanza, uulize kama namba yako ipo na kama miezi hiyo miwili imelipwa. Ikiwa unakatwa na hakuna kilichofika, anza na barua kwa mwajiri, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha nenda kwa inspekta wa kazi na fishi zako zote.

Hukumu yetu: huduma ya lazima, yenye thamani kuliko bei unayolipa wewe, lakini haitakulinda zaidi ya kile mwajiri alichotangaza.

Kwa vibarua wa siku kuna neno moja la ziada. Ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kukuajiri tena kabla miezi hiyo haijaisha kunakuwa kontra isiyo na mwisho. Ndiyo sababu ukisimamishwa siku ya 21, ujue kuna aliyehesabu. Hesabu na wewe: tarehe, saa za kuingia, jina la shefu wa timu, kwenye daftari linalobaki nyumbani.