Gundi ya stika kwenye boti ya faiba: thina au mafuta ya taa?

Boti ya faiba ikiletwa Ziwa Duluti na jina la mwenyewe wa zamani, herufi za stika hubanduka, gundi hubaki. Mafundi wengi hapa Arusha hukimbilia thina. Ni kweli inakata gundi upesi, ila hukauka kabla hujamaliza kufuta, na ikikaa sana hufubaza mng'aro wa faiba.

Mimi nachagua mafuta ya taa, mbali na moto. Loweka kitambaa, kibandike juu ya gundi dakika 10, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki, kamwe si kisu. Gundi hujiviringa vipande vya kahawia, laini kama nta. Osha kwa sabuni mpaka utelezi uishe kabisa, la sivyo herufi mpya hazitashika.